Ruhusa 777 si dawa

Leo ni habari za seva, kwa hivyo wale wasiopenda skrini nyeusi wavumilie kidogo.

Kuna chama cha akiba ambacho huniita tovuti yao inapogoma. Wanachama hupakia humo nakala za vitambulisho wanapoomba mikopo. Majuzi ilihamishiwa seva mpya ya AlmaLinux, na tangu siku hiyo kila ukurasa ukawa unaleta ujumbe mmoja tu: huna ruhusa. Nilipoingia nikakuta fundi wao ameshapiga amri hii:

chmod -R 777 /var/www

Na bado tovuti imegoma!

Tuifafanue kwanza hiyo 777. Tarakimu ya kwanza ni ya mwenye faili, ya pili ya kundi lake, ya tatu ya watu wengine wote. Kusoma ni 4, kuandika 2, kuendesha 1. Ukijumlisha ni 7. Kwa hivyo umempa kila mtumiaji wa seva hiyo kila kitu. Seva hii ina tovuti nyingine mbili, kila moja na akaunti yake. Mdukuzi akiingia kupitia mojawapo, vitambulisho vya wanachama viko wazi mbele yake, avisome, avibadilishe, avifute. Na kitambulisho cha Mkenya, nyote mnajua kinavyoweza kutumiwa kukopa kwa simu.

Fundi akataka sasa tupige setenforce 0, yaani kuilegeza SELinux. Nikamwambia ngoja kwanza. Mfumo huu ulitoka kwa shirika la ujasusi la Marekani, NSA, ukatolewa kwa umma Desemba 2000, na mwaka 2003 ukaja pamoja na Linux 2.6. Kazi yake ni kuweka mlinzi wa pili. Ruhusa za kawaida zikishakubali, yeye bado anauliza: programu hii, je, inahusika na faili la aina hii? Ndiyo maana 777 haikusaidia. Mlango uliofungwa haukuwa ule.

Basi nikauliza logi:

ausearch -m avc -ts recent

Jibu likaja peupe. Programu yenye lebo httpd_t imekatazwa kusoma faili lenye lebo user_home_t. Ukipiga ls -Z utaziona lebo hizo. Ls -l pekee haikuonyeshi. Fundi alifungua faili za tovuti kwenye folda yake ya nyumbani, kisha akazihamisha kwa mv. Amri ya mv hubeba faili na lebo yake ya zamani. Angetumia cp, nakala mpya ingepata lebo ya folda inakoingia. (Jambo dogo hivi, siku mbili zimekwenda!)

Vitambulisho nikavitoa kabisa nje ya folda ya html, mahali ambapo hakuna anayeweza kukisia anwani yake kwenye kivinjari, na folda hiyo nikaimilikisha kwa apache. Kisha:

semanage fcontext -a -t httpd_sys_rw_content_t "/var/www/vitambulisho(/.*)?"
restorecon -Rv /var/www

Mstari wa kwanza unasema folda hiyo, na hiyo tu, tovuti inaweza kuandika ndani yake. Wa pili unarudisha lebo zote mahali pake. Folda za html nikazirudisha 755 na faili 644; vitambulisho nikavipa 700 na 600.

Tovuti ikafunguka. Kilichobaki ni barua pepe za kuwajulisha wanachama, nazo zilikuwa zimekwama kwa sababu hiyo hiyo. Hiyo ina swichi yake:

setsebool -P httpd_can_sendmail on

Msisahau hiyo -P. Bila hiyo, siku seva itakapozimwa na kuwashwa barua zitakwama tena, na simu nitapigiwa mimi.