Nani Anakungojea Mpanda?

Treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma, Julai 2024, binti wa kaka yangu alikata tiketi akaenda huko peke yake kupumzika. Aliporudi alikuja kunisalimia, akanionyesha kimkoba chake cha safari: losheni, kitambaa cha kufunika macho wakati wa kulala, vidonge vya vitamini, chupa ya maji inayotunza baridi. Nilifurahi kumwona amenawiri. Kisha akasema, kwa upendo kabisa, "Shangazi, nyie zamani wanawake hamkuwa mnasafiri wenyewe. Haya mambo ya mtu kujitunza safarini yamekuja na sisi."

Sikumjibu siku ile. Namjibu sasa, na jibu lenyewe ni refu.

Barua yangu ya kupangiwa kazi ya ualimu Mpanda imeandikwa Januari 1983. Tiketi niliyoibandika kwenye daftari inasema Februari. Haidhuru. Mvua zilikuwa zinanyesha na sabuni ilikuwa haipatikani, na wasomaji wa umri wangu hawahitaji kuelezwa zaidi. Mpanda ilikuwa bado mkoa wa Rukwa. Kutoka Dar es Salaam unapanda treni ya reli ya kati, unakwenda usiku kucha na mchana kutwa, zaidi ya kilomita 800 hadi Tabora. Hapo mabehewa yanagawanywa, ya Mwanza yanakwenda Mwanza, ya Kigoma Kigoma. Wewe wa Mpanda unashuka na mzigo wako kungoja treni yako, ambayo haikuwapo kila siku. Nilikuwa msichana wa miaka 22, simjui mtu Tabora.

Mama yangu alikuwa mkunga wa zahanati, na alinifungia mzigo ule kama anayemwandaa mgonjwa wa rufaa. Doti mbili za kanga: moja ya kuvaa, moja ya kujifunika na kubadilishia nguo. Kipande cha sabuni ya gwanji ndani ya gazeti. Chupa mbili za skwashi zilizojazwa maji aliyochemsha mwenyewe, maana alishawahi kuhudumia kambi ya kipindupindu na maji ya kununua stesheni hakutaka hata kuyasikia. Vidonge kumi vya klorokwini, ambavyo kila mtu alijua kuvihesabu: vinne, vinne, viwili. Na vikaratasi viwili, kimoja cha sukari na kimoja cha chumvi. "Ukiharisha usingoje ulegee," aliniambia. "Lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Kunywa kidogo kidogo hata kama hutaki." Sukari ile ilitoka kwenye mgawo wa nyumba nzima. Wadogo zangu walikunywa chai ya chumvi kwa ajili yangu.

Chumba cha daraja la pili kilikuwa na vitanda sita, na wanawake walipangwa na wanawake. Kabla hatujafika Morogoro tulikuwa tumeshajuana: nani anashuka wapi, nani ana mtoto, nani ana kikohozi. Aliyekwenda chooni aliwaachia wenzake mzigo. Asubuhi Dodoma tulipiga mswaki dirishani. Saranda tulinunua kuku wa kuchemsha waliopakwa chumvi na pilipili, na mama mmoja wa Urambo akanikataza kununua hadi aguse sufuria kwanza, aone kama bado ya moto. Aliifanya kazi hiyo kwa chumba kizima bila kuombwa.

Tabora tulifika usiku. Mama yule wa Urambo, aliyekuwa anaendelea na behewa la Kigoma, alinionyesha kwa kidole kupitia dirishani: pita miembe ile, nyumba ya pili yenye taa ya chemli, mwambie Bi Mkubwa umetoka kwenye treni.

Nyumba ile ya wageni ilinuka asali. Nasema ilinuka kwa maana nzuri. Mwenye gesti alikuwa akinunua asali kwa watu wa mizinga kutoka misitu ya miyombo, akiihifadhi kwenye madebe ukumbini, na harufu ya asali na nta na moshi wa kufukuzia nyuki iliingia kwenye kuta, kwenye mashuka, kwenye vyandarua. Hata leo nikifungua chupa ya asali halisi ya Tabora, mwili wangu unajilegeza wenyewe.

Bi Mkubwa alikuwa mwanamke mfupi, mweusi tii, kilemba cheupe, sauti ya chini. "Shikamoo." "Marahaba mwanangu. Umekula?" Hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza. La pili: "Umekwenda haja?" Sikuwahi kuulizwa hivyo na mtu nisiyemjua. Alinieleza, bila kuona haya, kwamba wasichana wanaoshuka kwenye treni hubana mkojo na hubana tumbo kwa sababu ya kuogopa vyoo vya njiani, na kwamba hao ndio wanaougua wakifika. Ndipo alipofungua kitabu cha wageni.

Vile vitabu vilikuwa sawa nchi nzima: jina, kabila, kazi, utokako, uendako, sahihi. Chake kilikuwa na safu moja zaidi, aliyoipiga mwenyewe kwa kalamu ya risasi pembeni ya ukurasa. Alipofika hapo aliinua macho. "Nani anakungojea Mpanda?" Nikasema mwalimu mkuu ameandikiwa barua. Akaandika jina la shule. "Na nyumbani nani anangoja kusikia umefika?" Akaandika jina la mama yangu na sanduku la posta. Nilipouliza kwa nini, alisema kwa utulivu kwamba mgeni akiugua usiku, yeye hataki kuanza kupekua mkoba wa mtu.

Chumba changu kilipakana na chake. Komeo alilijaribu yeye, kisha akaniambia nilijaribu mimi kwa ndani, naye akausukuma mlango kutoka nje. Aliinua chandarua kwenye mwanga wa chemli akitafuta tundu, akalipata moja, akalifunga kwa uzi. Maji ya moto yalikuja kwenye ndoo, na karai la pili dogo lenye chumvi kwa ajili ya miguu, iliyokuwa imevimba hadi vifundo havionekani. "Jasho la treni halilali kwangu," alisema. Nikaoga uani, chini ya nyota. Nilipotoka nikakuta ugali wa muhogo na uyoga. Akakaa nami hadi nimalize, kwa sababu, alisema, mtu anayekula peke yake ugenini hula nusu.

Siku iliyofuata hakuna treni. Alinikataza kuzurura juani. Nikalala hadi adhuhuri, nikafua, nikaandika barua nyumbani. Nilipoondoka alinipa matobolwa kwenye kitambaa, viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, ambavyo havichachi hata treni ikikwama wiki nzima, akanilipisha kitanda tu.

Kila likizo nilipita kwake. Nilimwona akimpa kila msichana maswali yaleyale, muuguzi, mwanafunzi, mke anayemfuata mume. Nikajifunza kwake kwamba ukiwa peke yako safarini unafanya kazi mbili kwa pamoja: unausikiliza mwili wako kabla haujapiga kelele, na unahakikisha mtu mmoja mwenye akili timamu anajua ulipo. Mengine yote ni mapambo, na mapambo nayapenda pia.

Nilihamishwa kutoka Mpanda mwanzoni mwa miaka ya tisini. Bi Mkubwa alifariki nikiwa mbali. Nilipewa habari na karani wa stesheni, miezi imeshapita. Mabasi yakaja na kasi yake, simu za mkononi zikafuata, klorokwini ikaondolewa mwaka 2001, mafuriko ya Kilosa yakaikata reli mwishoni mwa 2009 na watu wengi wakazoea barabara. Katavi ikawa mkoa, Mpanda ikiwa ndani yake. Sasa kuna lami kutoka Tabora kupita Sikonge na Inyonga hadi Mpanda, na sikulilia vumbi lake hata siku moja.

Lakini nilipopita Tabora hivi karibuni nililala kwenye lojing yenye vigae, runinga na bafu ndani. Kijana wa mapokezi aliandika namba yangu ya kitambulisho na simu bila kuinua uso. Mlango wa chumba ulikuwa na kitasa cha kung'aa na hauna komeo la ndani. Nikasogeza meza mlangoni, na usiku mzima nikasikia hatua za watu ukumbini. Wasichana wanaopita hapo peke yao wana haki ya komeo la shilingi elfu chache. Wengine wao hupiga picha mlango wenye namba ya chumba na kuirusha mtandaoni papo hapo, watu elfu wasiowajua wakajua mahali walipolala, na mama zao hawajui. Hilo linaniuma. Binti wa kaka yangu nimemwomba anitumie mimi ujumbe kwanza, picha iende akishaondoka.

Na kuna hili la mabasi, ambalo sitalinyamazia. Basi zuri, viti laini, muziki mkubwa, na wanawake hawanywi maji tangu alfajiri kwa sababu hakuna choo ndani na hawajui gari litasimama wapi. Wanashuka na vichwa vinavyogonga, na wiki inayofuata wako zahanati na ugonjwa wa njia ya mkojo. Mama yangu angewafokea wenye mabasi.

Safari hiyo ya karibuni, tukiwa katikati ya pori baada ya Inyonga, msichana jirani yangu alikuwa ameikumbatia chupa yake ya maji, imejaa. Midomo imemkauka. Nikamuuliza, "Mwanangu, unabana?" Akatikisa kichwa kukubali. Nikaenda mbele nikamwambia konda tunataka kuchimba dawa. Akasema bado kidogo, mama, Mpanda si mbali. Nikamwambia sikai hadi gari lisimame. Lilisimama. Wakashuka wanawake karibu wote, hata wale waliokuwa wamejifanya wamelala, tukashikiana kanga kuzungushia, mbung'o wakituuma. Dereva akaanza kupiga honi. Tukamaliza kwanza, tukanawa, ndipo tukapanda.