Homa Iliposhuka

Mwaka 2019, homa ya dengi ilipoenea Dar es Salaam, binti yangu wa miaka tisa aliugua. Siku nne mwili wake uliwaka moto. Asubuhi ya siku ya tano nilimgusa paji la uso, nikakuta limepoa. Nikamshukuru Mungu, nikaanza kukunja shuka turudi nyumbani.

“Baba, usikunje bado,” muuguzi akaniambia. “Sasa ndipo tunapomwangalia zaidi.”

Nilinuna. Nilidhani wanatuchelewesha bure. Baadaye ndipo nilipotaka kujua alichokuwa akikiogopa.

Mishipa yetu ya damu imetandazwa ndani safu moja ya seli bapa, zimekaa ubavu kwa ubavu. Huunganishwa na protini, mojawapo ikiitwa kadherini: ya seli hii huishika ya jirani yake, na pasipo kalsiamu hazishikani. Katika ubongo maungio hayo hubana sana; katika vena ndogondogo hulegea upesi. Mwaka 1961 Guido Majno na George Palade walionyesha kwa hadubini ya elektroni, katika panya, kwamba histamini hufungua nafasi baina ya seli hizo. Ndiyo maana mtu akiumwa na nyuki huvimba. Kufunguka huko si kubaya kwenyewe, kwani seli nyeupe nazo hupitia maungioni kwenda kupambana na vijidudu.

Lakini katika dengi kali maungio hulegea mahali pengi kwa wakati mmoja, na mara nyingi ni pale homa inaposhuka. Kwa siku moja au mbili maji ya damu huvujia kifuani na tumboni. Damu inayobaki huwa nzito, na shinikizo lake laweza kuanguka ghafla. Kisha maungio hufunga, na maji hurejea mishipani. Dripu ikipungua, mgonjwa huzidiwa. Ikipita kiasi, mapafu hujaa maji. Kumbe ndiyo sababu yule dada alikuwa akimtoa mwanangu damu mara kwa mara na kuhesabu matone ya dripu.

Binti yangu alipona. Siku ya kuondoka nilimwomba muuguzi radhi, naye akacheka tu. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeupima ugonjwa kwa kiganja, na kiganja hakifiki kule seli zinakoshikana.