Sanduku Lisilotoka Mkononi



Wasomaji wetu wapenzi, kina mama na mabinti, huenda wengi wenu mmetuona bila ya kutujua. Sisi ni ndugu wawili wa kike tusimamao kando ya jukwaa usiku wa kupamba, mmoja ameshika kamera na mwingine ameshika taa. Kazi yetu ni kupiga picha upande wa wanawake. Hatuitwi kwa kuwa tu hodari kuliko wengine. Twaitwa kwa kuwa ukumbini humo hamna mwanamume, mabuibui yamevuliwa, mitandio imeteremshwa mabegani, na kila aliyeketi pale anaamini kwamba picha yake haitamfikia asiyestahiki kuiona. Ujira wetu twalipwa kwa picha, lakini tunachonunuliwa hasa ni imani hiyo.

Leo twaandika habari za sanduku. Jambo hili laonekana dogo, nasi pia tuliliona dogo, mpaka lilipotufundisha.

Miaka ya mwanzo tulifanya kazi papa hapa Mombasa, na vyombo vyetu vilitosha kwenye kikapu cha ukili kilichotandikwa leso. Kisha kazi ikatupeleka Malindi, Lamu na Unguja. Hatimaye jamaa mmoja wa Muscat, ambaye asili ya nyanya zake ni pwani hii hii yetu, akatuita kwa harusi ya bintiye. Tukaona haifai kupanda ndege ya mbali na kikapu. Tukaenda dukani kutafuta sanduku gumu la mkononi.

Twakiri kwamba tulichagua kwa macho. Sanduku tulilolipenda lilikuwa la alumini, rangi ya fedha, lina pembe za chuma na lachi mbili zilizofunga kwa mlio wa kupendeza. Tulipofika nalo nyumbani, mama yetu alilinyanyua mara moja, likiwa tupu, akalirudisha sakafuni. "Wanangu," akasema, "hili halijatiwa kitu nalo lishanichosha." Tulicheka. Lau tungemsikiliza, makala haya yasingeandikwa.

Harusi ilikwenda vyema, alhamdulillah. Usiku wa tatu tulifungasha vyombo, na juu yake tukatia makopo mawili ya halwa, kilo moja moja, zawadi ya mwenye nyumba. Tulipofika kwenye lango la kupandia ndege, mhudumu akatutaka tuliweke sanduku kwenye mizani. Ikasoma karibu kilo 11. Tiketi yetu iliruhusu kilo 7. Akatuambia kwa upole kwamba litakwenda tumboni mwa ndege, na kwamba betri zote za akiba lazima zitolewe kwanza.

Tukapiga magoti mbele ya watu, tukalifungua. Tukatoa betri, tukatoa kamera mbili tukazivaa shingoni. Watu walikuwa nyuma yetu wakingoja, na mhudumu alikuwa ameshika karatasi ya kubandika. Tukafunga, sanduku likaenda. Baada ya chai kugawanywa, tukiwa angani, mmoja wetu alitia mkono mfukoni, akanyamaza, kisha akamtazama mwenziwe. Kadi tisa za kamera, zile ndogo zihifadhizo picha, zilikuwa zimebaki kwenye mfuko wa kifuniko. Usiku tatu za wanawake wa watu, nywele zao, shingo zao na vicheko vyao, vyote vilikuwa tumboni mwa ndege pamoja na halwa.

Mombasa tulifika, sanduku halikufika. Lilikuja siku ya pili yake jioni, pembe moja imebonyea na lachi moja i wazi. Tukazihesabu kadi: tisa. Lenzi zote zilikuwepo. Hata halwa ilikuwepo. Mwenye kuangalia mali angesema hapakupotea kitu. Lakini kadi haina mdomo. Haiwezi kukwambia kama imetiwa katika mashine ya mtu usiku ule, wala kama picha zake zimenakiliwa. Tulitazama ile lachi iliyo wazi, nasi hatukuweza kuapa kwamba imefunguka yenyewe.

Yakaja maswali tuliyoona haya kuyatamka. Je, tumwambie mama wa bibi harusi? Kadi zimerudi, naye hajui lolote. Huenda kumwambia ni kumtia hofu bure. Tulijibizana usiku kucha. Asubuhi mama yetu alituuliza jambo moja tu: "Kama ni picha zenu nyinyi, mngetaka kuambiwa?" Kisha akaongeza, "Amana hairudi peke yake. Hurudi na habari zake."

Tukapiga simu. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho bila ya kutukatiza, na kimya chake kilikuwa kizito kuliko ukali. Kisha akasema, "Mmeniambia, basi. Zitieni picha kwenye diski moja, dada yangu yuko Mombasa, atazichukua kwa mkono wake. Kwenu kusibaki hata moja." Tulifanya hivyo mbele ya dada yake. Nusu ya ujira tuliirudisha. Hakuikataa, wala hatukutaraji aikatae. Kwa miezi minane hatukupata habari zake.

Katika miezi hiyo tulianza upya kutafuta sanduku, safari hii kwa akili. Twaeleza hapa tuliyojifunza, kwani twajua wapo mabinti wetu wanaoingia katika kazi hii, na wapo kina mama wasafirio na vitu vya thamani.

Jambo la kwanza ni uzito wa sanduku likiwa tupu. Mashirika mengi ya ndege humruhusu abiria wa daraja la kawaida kilo 7 mkononi, na sanduku la karibu sentimita 55 kwa 40 kwa 20, magurudumu na mpini vikihesabiwa. Mengine huruhusu zaidi, mengine vipimo vyake ni tofauti kidogo. Soma tiketi yako kabla ya kwenda dukani, na uende na utepe wa kupimia. Sisi tulipima vyombo vyetu kwa mizani ya jikoni. Kamera mbili ni kilo 1.4, lenzi kubwa gramu 900, lenzi ya kupigia sura gramu 500, taa mbili gramu 800, betri sita gramu 500, chaja na nyaya gramu 400. Jumla ni kilo 4.5. Sanduku letu la fedha lilikuwa na kilo 4.3 peke yake. Hata bila ya halwa lilikuwa limeshapita kiasi. Sanduku lililo zito ndilo litakalonyang'anywa langoni, na likishanyang'anywa, ugumu wa ganda lake haukusaidii tena.

La pili ni ganda lenyewe. Alumini ni imara, ila ni nzito, na ikigongwa hubonyea ikabaki hivyo. Plastiki iitwayo ABS ni rahisi kwa bei, lakini ni kavu na hupasuka pembeni. Nasi twajua kwamba rahisi huvunja upishi. Polikaboneti hupinda ikarudi mahali pake, ndiyo maana hutumiwa hata kwenye vioo vya helmeti. Kampuni ya Rimowa ya Ujerumani ilianza kuuza masanduku ya polikaboneti mwaka 2000, na leo ziko kampuni nyingi zenye bei za kila aina. Dukani, soma kibandiko cha ndani, kisha kandamiza kifuniko kwa kiganja. Kikirudi haraka bila ya alama, hicho ni chema.

La tatu ni mfungo. Zipu ni nyepesi, lakini ncha ya kalamu huweza kuipasua, na mwizi akiburura vishikio vyake juu ya meno, zipu hujifunga tena kama haikuguswa. Kufuli zenye alama ya TSA zimetengenezwa ili wakaguzi wa Marekani wazifungue kwa funguo zao kuu, na mwaka 2015 mifano ya funguo hizo ilisambaa mitandaoni. Basi usiiachie kufuli kazi iliyo yako. Sisi tulichagua lachi zenye mpira wa kuziba ukingoni. Kinga ya mwizi haikuwa sababu yetu. Tulitaka kuzuia vumbi na maji ya chumvi. Mpira huo una faida nyingine kwetu watu wa pwani: ukitoka chumba chenye hewa ya baridi ukaingia kwenye joto na unyevu, lenzi hufanya ukungu. Liache sanduku limefungwa nusu saa hivi, vyombo vizoee joto polepole, ndipo ulifungue. Na ndani tia vipakiti vya kunyonya unyevu, kwani lenzi ikikaa na unyevu huota kuvu.

La nne ni magurudumu. Manne huteleza vizuri kwenye sakafu ya uwanja wa ndege, lakini hula nafasi na huvunjika upesi. Mawili makubwa, yaliyoingia ndani ya ganda, yatavumilia zaidi vichochoro vyetu. Lamu hata hayo hayafai sana: uwanja wa ndege uko kisiwa cha Manda, utavuka kwa boti, kisha utalibeba sanduku kichwani au utamwomba mwenye punda. Tena ndege ndogo nyingi hutaka mabegi laini kwa kuwa hazina nafasi ya kitu kigumu. Kwa hivyo tulitafuta sanduku ambalo vigawanyo vyake vya sponji vimo ndani ya mfuko wenye mikanda. Tukiambiwa ganda haliingii, twatoa mfuko, twauvaa mgongoni, ganda liende litakako likiwa tupu.

La tano ni betri. Betri za lithiamu za akiba hazikubaliwi katika mizigo ya tumboni, kwani zikiwaka moto huko hakuna wa kuuzima mapema. Mahali pake ni mkononi. Kipimo chake ni wati-saa: zidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya kamera ya volti 7.2 na ampea-saa 2.28 ina wati-saa 16.4, mbali na mpaka wa kawaida wa 100. Ziba ncha zake kwa utepe, uziweke katika kijifuko chake, ili ukiulizwa uzitoe bila ya kupekua. Sisi tulipekua, na katika kupekua tukasahau lililo kubwa.

Hapo ndipo tulipofika kwenye la mwisho, lililo juu ya yote. Sanduku ni la kamera, si la amana. Kamera ikivunjika hununuliwa nyingine. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sitara ya mtu ikivunjika hainunuliwi. Kwa hivyo kadi zetu sasa hazikai sandukuni hata kwa dakika moja. Hukaa katika kijifuko cha kitambaa alichotushonea mama, chenye kamba ya shingoni, chini ya buibui. Kabla ya kuondoka nyumba ya harusi twanakili picha kwenye diski mbili zenye nenosiri, kila mmoja wetu ashike yake, na kadi twazifuta mbele ya mwenye nyumba.

Sanduku tulilolinunua mwishowe ni la polikaboneti, jeusi, halina urembo wowote. Tupu lina kilo 2.3. Pamoja na vyombo lafika kilo 6.8, na gramu 200 zinazobaki hazitoshi hata kopo dogo la halwa. Mama alilinyanyua, akalizungusha chumbani mara mbili, akasema, "Hili naam."

Mwezi wa tisa simu ya Muscat ililia. Binti wa pili alikuwa ameposwa. Mama yule hakutaja yaliyopita. Alitaja siku, ukumbi na idadi ya wageni. Kisha akasema, "Nina sharti moja. Kadi kila usiku zitalala chini ya mto wangu mimi." Tukamjibu kwamba sharti hilo ni haki yake, na kwamba sisi wenyewe tungelimwomba.

Tulikwenda. Usiku tatu zote tulimkabidhi kile kijifuko mkononi, tukizihesabu kadi kwa sauti, naye akizihesabu nasi. Usiku wa mwisho, baada ya kunakili na kufuta, alikivua kijifuko shingoni mwake, akaturudishia kikiwa kitupu, akatuambia, "Sasa nendeni mkalale." Kisha akamwita mtumishi alete makopo ya halwa. Tulimshukuru, tukamwomba atupe moja tu, nalo tukalitia katika sanduku la nguo.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kutunza tulichoaminiwa, na awasitiri mabinti zetu wote. Amin.

Wabillahi tawfiq.