Mchai Mmoja Uliobaki

Mpenzi msomaji, je, umewahi kuona mchai mmoja ukiwagombanisha ndugu wa toka nitoke? Mimi nimeona. Baba alipofariki, tulikaa uani watoto saba, huko kwetu Bomet, kugawana michai yake. Ilihesabiwa ikawa 2,003. Kila mtu akapata 286, mmoja ukabaki. Kaka mkubwa akadai ni haki yake kwa kuzaliwa kwanza. Kitinda mimba naye akasema yeye ndiye aliyemuuguza mzee. Watu wazima, wenye watoto wa shule, wakanuniana hadi jua likatua! Mama ndiye aliyekata maneno: mchai huo ni wake.

Usiku nilishika kalamu. Kumbe hata tungekuwa wawili, watano au kumi na watatu, fitina isingekosekana. 2,003 haigawanyiki sawasawa ila kwa 1 na kwa yenyewe. Nambari kama hiyo huitwa nambari tasa (jina la kuonea, kwa maoni yangu, lakini ndilo tulilo nalo). Kuthibitisha si kazi kubwa. Kila kigawo kikubwa kina mwenzake mdogo, na kwa kuwa 45 mara 45 hupita 2,003, inatosha kujaribu nambari tasa kuanzia 2 hadi 43. Ni 14 tu.

Sasa tuseme mchumaji wa Litein anachuma jani 1 tarehe mosi Januari, majani 2 siku ya pili, 4 siku ya tatu, na kila siku maradufu ya jana. Mwezi ukiisha atakuwa na majani 2,147,483,647. Hiyo nayo ni tasa! Wagawie wanao, wagawie watu wote wa Kericho na Bomet, hayatatoka sawa.

Leonhard Euler, Mswisi, alithibitisha hayo mwaka wa 1772, bila kompyuta. Kwa njia yangu angejaribu nambari tasa zote hadi 46,340, nazo ni 4,792. La hasha! Alijua kwamba kigawo tasa chochote cha nambari hiyo lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 62, yaani mara mbili ya zile siku 31. Kwa siri hiyo, na nyingine ya aina yake, majaribio hayakufika 400.

Mwanafunzi asiyeamini na amsimamishe mchumaji siku ya 11. Ana majani 2,047, ambayo ni 23 mara 89. Gawanya 23 kwa 22, kisha 89 kwa 22, uone kinachobaki.

Oktoba 2024 ilitangazwa nambari tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana hadi siku hiyo, iliyopatikana na Luke Durant wa Marekani. Ni hesabu ya mchumaji wetu yule yule, ila sharti achume siku 136,279,841, yaani zaidi ya miaka 373,000. Ina tarakimu 41,024,320. Ningekuandikia yote, msomaji, lakini mhariri amenipa safu moja tu.