Mama Nani?

Siku ile nilikuwa nimevaa raba nyeupe. Nalisema hili mapema kwa sababu nimelifikiria sana, na mpaka leo naamini zile raba zilipaswa kunilinda. Raba nyeupe, jinzi, begi la mgongoni, nywele nimesuka juzi tu. Nimepanda daladala ya Kariakoo asubuhi, nimesimama katikati, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine umekumbatia simu. Konda akaniangalia usoni, yaani tukatazamana kabisa, akasema:

"Mama, sogea nyuma, huko nyuma kuna uwanja wa mpira."

Niligeuka kumtafuta huyo mama. Nyuma yangu kulikuwa na kijana wa chuo mwenye visikilizio masikioni, na ndoo ya dagaa.

"Mama wa raba! Nakwambia wewe."

Konda mwenyewe, nawaapia, alikuwa na kipara.

Nikasogea. Ungefanya nini? Huwezi kusimamisha daladala katikati ya foleni ya asubuhi umtolee konda cheti cha kuzaliwa. Nilisogea mpaka kwenye ule uwanja wa mpira, ambao ulikuwa na upana wa kiganja, nikakaa huko na cheo changu kipya mpaka Kariakoo.

Dar es Salaam haina mazoea ya kukuuliza jina. Inakutazama mara moja, inakupa. Nilipokuwa sekondari nilikuwa "denti", na denti alikuwa kiumbe wa pembeni: "Denti subiri kwanza, watu wapande." Nikafika chuo, nikawa "sista". Nikapata kazi, nikanunua mkoba, nikawa "anti", na nikiri kwamba miaka ya uanti ilikuwa mizuri. Anti anapewa siti ya mbele. Anti anasubiriwa akiwa bado anavuka barabara. Kariakoo ndiyo usiseme. Ukiingia mtaani unaitwa mrembo, ukisimama kwenye meza ya nguo unakuwa shemeji, ukigusa blauzi unakuwa mke wa mtu mzito, na ukitaja bei yako unarudi kuwa "dada, wewe hununui, tupishe wateja".

Dalili zilikuwepo, sema nilizipuuza. Mwaka juzi ofisini kwetu alikuja kijana wa mafunzo kwa vitendo, mrefu, ana ndevu zilizochongwa vizuri. Nikamwambia "mambo", nikiwa nimeegemea meza kama watu wanaoambiana mambo. Akashika mikono yake mbele, akainama kidogo: "Shikamoo, dada." Chumba kizima cha habari kikanyamaza. Mhariri wangu, mtu wa miaka hamsini na kitu, alikunja uso kwa furaha ambayo sijawahi kumsamehe. "Marahaba" yangu ilitoka kama kikohozi. Mwenzangu, siku ya kwanza kuitikia marahaba haisahauliki. Unahisi kama umesaini kitu bila kukisoma.

Lakini shikamoo angalau ina "dada" mwishoni, unaweza kujishikilia hapo. "Mama" haina pa kushika.

Ukitaka kujua jiji hili linavyotoa majina, panda gari uende nalo mpaka mwisho wa njia. Wazee husimulia kwamba hata neno daladala lilitokana na "dala", shilingi tano ya enzi zile, iliyokuwa nauli. Vituo navyo ni hivyohivyo. Mtu aliona bucha, kituo kikawa Bucha. Palikuwa na kona, pakawa Kona. Kuna Magomeni Mapipa. Kuna Argentina, ambayo iko Manzese na haina habari na Messi. Mwaka 2016 mwendokasi ilipoanza, nilidhani vile vituo vipya, na vioo vyake na mageti ya tiketi, vitakuja na majina ya heshima. Wapi! Bucha ilibaki Bucha. Na Sinza ninakoishi, kituo changu kinaitwa Makaburini. Kila siku nikirudi nyumbani konda anapaza sauti, "Makaburini wapo?", na sisi watu wazima, wenye vitambulisho vya kazi shingoni, tunajibu kwa pamoja, "Wapo!"

Kwa hiyo simlaumu konda. Aliona alichoona, akakipa jina, kama walivyofanya waliotutangulia walipoona mapipa.

Tatizo ni kwamba cheo cha mama mjini kwetu kina swali linalokifuata nyuma. Nilipohamia Sinza nilienda kujitambulisha kwa Mangi wa duka la chini, kwa sababu mtu mwenye akili anatengeneza uhusiano na Mangi kabla hajatengeneza na jirani. Siku ya kwanza niliyopungukiwa hela ya mayai akatoa daftari la madeni, akalamba kidole, akauliza:

"Nikuandike mama nani?"

"Andika jina langu tu."

"Mama nani, sasa?"

"Sina mtoto, Mangi."

Alinitazama kwa huruma ya mtu anayetaka kusaidia lakini fomu haina hiyo nafasi. Akafikiri. Kisha akaandika, kwa mwandiko mzuri kabisa: *Anti Miwani.* Mpaka leo mayai, mkate na vocha zangu zote ziko chini ya Anti Miwani. Nikipoteza hii miwani sijui nani atalipa.

Kazini nako nakutana na swali hilohilo, ila huko mimi ndiye konda. Kazi yangu ni kuuliza watu majina. Naenda Tandale, naenda Mbagala, naongea na mama kuhusu maji au mafuriko, anaeleza vizuri kuliko mkurugenzi yeyote, halafu namwomba jina. "Andika Mama Fulani." Namwambia, mama, mhariri anataka jina kamili. Mmoja aliwahi kunijibu: "Ukiandika hilo la kwenye kitambulisho, hapa mtaani hakuna atakayejua ni mimi." Nikaandika la kwenye kitambulisho, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa. Habari ikatoka gazetini na mtu ambaye mtaa mzima haumjui.

Jioni ya siku ya raba nilimpigia mama yangu kumweleza. Yeye alikuwa Tandika, kwenye nyumba tuliyokulia, na cherehani yake barazani. Nilimsimulia kwa uchungu, kipara cha konda nikakitilia chumvi kidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulimwitikia?"

"Sikumwitikia."

"Basi umekosa adabu." Akakata simu, kwa sababu salio la kwangu yeye hulionea uchungu kama la kwake.

Jumapili akanipigia mwenyewe, jambo ambalo si kawaida yake. Mama yangu ni mtu wa kubipu. Akasema amelifikiria lile suala. Akasema yeye alianza kuitwa mama ana miaka ishirini na moja, mimi nikiwa na siku tatu duniani, na mara ya kwanza jirani alipomwita hivyo hakugeuka. Alidhani anaitwa mama yake mzazi, aliyekuwa amekuja kumsaidia uzazi. "Hakuna anayekuwa tayari," akasema. "Unaitwa kwanza, halafu unatafuta pa kukaa na hilo jina." Kisha akaniuliza kama nakula, nikamdanganya kuhusu mboga za majani, tukaagana.

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu marefu ya mwisho. Alhamisi presha ilimpanda, Ijumaa alfajiri nilikuwa kwenye benchi la wodi, na Jumamosi tulikuwa tumemzika.

Msibani kuna kitu kilitokea ambacho sikukielewa kwa wakati ule. Kaka yangu aliposimama kusoma wasifu wa marehemu alianza na majina yake matatu, kama inavyotakiwa. Nikaona wanawake waliokaa kwenye mkeka mbele yangu wanaangaliana. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Kumbe aliitwa hivyo?" Alikuwa ameshonewa nguo na mama yangu kwa miaka zaidi ya ishirini. Sare za shule za watoto wake wote zilipita kwenye ile cherehani. Hakujua jina lake, wala hakuhitaji kulijua. Kwake, na kwa Tandika nzima, aliitwa Mama, kisha jina langu.

Baada ya arobaini nilienda kusaidia kupanga vitu vya nyumbani. Mchana nikavuka kwa Mangi wa pale, yule wa tangu utoto wetu, kununua maji. Wakati ananipa chenji nikakumbuka kwamba siku ya mazishi tulitangaza: anayemdai marehemu ajitokeze kwa familia. Hakujitokeza mtu. Nami namjua mama yangu. Hakuna mwezi aliowahi kuumaliza bila daftari.

"Mangi, mama hukumdai?"

"Aa, dada, yale yameisha."

"Mangi."

Akavuta daftari. Akalamba kidole. Akafungua ukurasa, akaugeuzia kwangu, na pale juu, kwa kalamu ya bluu iliyokolezwa mara mbili, palikuwa na jina langu, na "Mama" mbele yake. Nilifungua ukurasa wa nyuma, liko. Wa nyuma zaidi, liko. Mwezi baada ya mwezi, kila sukari na kila sabuni, mimi nilikuwa dhamana. Miaka yote hiyo nimekaa Sinza najiona mtu anayejitegemea, na jina langu linakopesha mchele Tandika.

Deni lenyewe lilikuwa hivi: sukari nusu, 1,500. Mafuta ya kupima, 1,000. Sabuni ya kipande, 800. Vocha, 1,000. Jumla, 4,300.

Tarehe ya ile vocha ilikuwa Jumapili. Ndiyo aliyonipigia kuniambia hakuna anayekuwa tayari. Kwa hiyo hata kunisema alikopa, na mwenye kulipa nikawa mimi. Nilicheka palepale dukani, halafu ile kicheko ikageuka, na Mangi akawa mstaarabu, akajifanya anapanga viberiti.

Nilipomlipa akachukua kalamu na rula afute ukurasa. Nikamwambia asichore mstari juu ya jina, achore kwenye hesabu tu. Hakuniuliza kwa nini. Akapiga mstari juu ya sukari, mafuta, sabuni na vocha, akaliacha jina likae lilivyo.

Jioni nikaondoka na mfuko wa vitambaa ambavyo hakuna aliyejua ni vya nani. Daladala ya pili, ile ya kuja Sinza, nilipata siti, kwa sababu jioni hiyo nadhani nilikuwa na sura ya mtu wa kupewa siti. Mbele yangu alisimama denti, sare ya bluu na nyeupe, begi limemzidi uzito. Kila breki inamrusha.

"Shikamoo. Mama, naomba unishikie begi."

"Marahaba. Lete, mwanangu."

Lilitoka lenyewe. Sikulipanga. Begi likakaa mapajani kwangu, zito kama tofali, zipu imeharibika na imefungwa kwa pini, na nikajikuta naikagua ile zipu kwa jicho la mtoto wa fundi cherehani: meno mazima, kichwa ndicho kimeisha, kazi ya dakika tano. Konda akaja kukusanya. Sikuwa na hela ndogo, na yule mtoto naye alikuwa na noti. Konda akahesabu kimoyomoyo, akanipa chenji yote mimi.

"Mama, ya kwako na ya mwanao, mtagawana."

Watu wawili watatu walitutazama. Ilikuwa nafasi nzuri kabisa ya kusahihisha. Mimi ni mwandishi wa habari, taarifa isiyo sahihi inapaswa kuniwasha mwili. Yule denti alinitazama, nikamtazama, naona wote tuliona ni maelezo marefu kwa safari fupi. Nikampa hela yake, akaihesabu mara mbili, na hilo lilinifurahisha. Vituo viwili mbele akashuka. "Asante, mama." Nikamwambia mwambie fundi abadilishe kichwa cha zipu, asikubali kuuziwa zipu nzima.

Gari likaanza kupungua. Konda akaegemea mlangoni, akapitisha macho kwenye siti, akanifikia mimi na mfuko wangu wa vitambaa.

"Mama, wewe unashukia wapi?"

"Makaburini," nikamwambia.

Akapiga bodi mara mbili. "Makaburini mama mmoja! Shusha!"