Korbesa: Je, mtindi ni maziwa yale yale?

UKITOKA mjini Isiolo kuelekea kaskazini, gari huteleza juu ya lami bila taabu hadi Archer's Post. Lakini ukishaiacha barabara kuu iendayo Moyale, mambo hubadilika. Vumbi, mawe na miba ya migunga ndivyo vitakavyokusindikiza mpaka Merti, na kutoka hapo hadi Korbesa, kijiji cha Waborana karibu na mto Ewaso Nyiro. Korbesa kwa Kiborana ni beberu, yaani mbuzi dume. Mgeni hana haja ya kuuliza watu wa huku wanategemea nini.

Mto wenyewe ni wa ajabu kidogo. Maji yake hutoka milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, hupitia Laikipia na Samburu, kisha hupotelea katika kinamasi cha Lorian. Wenyeji huuita Waso tu. Mvua ikizidi huko juu, Waso hufurika na kutisha. Kiangazi kikikaza, sehemu zake hubaki mchanga mtupu ambao ng'ombe hupita juu yake wakitafuta maji. Jina halibadiliki, ilhali maji ya jana yamekwisha kwenda zake. Basi mto ni upi? Ni jina au ni maji?

Swali hilo si la mchezo. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, wafuasi wa Budha huko Bara Hindi waliliuliza kuhusu binadamu. Na mfano mmoja waliotumia, mama yeyote wa Korbesa angeuelewa kuliko profesa wa chuo kikuu, kwa kuwa ni mfano wa maziwa.

Waborana wana maziwa ya mgando waitayo ititu. Maziwa ya ng'ombe hutiwa katika chombo kilichofumwa kwa nyuzi za mimea na kufukizwa moshi, yakaachwa yagande na kuwa mazito. Sasa sikiliza kisa kilichomo katika kitabu cha kale cha Kibudha kiitwacho Milindapanha, ambamo mtawa Nagasena anajibizana na Mfalme Milinda, mtawala mwenye asili ya Kiyunani. Mtu alinunua chungu cha maziwa kwa mchungaji, akamwachia akisema atakichukua kesho. Aliporudi akakuta mtindi. Akaja juu: mimi nilinunua maziwa, huu mtindi ni wa nani? Mtawa akamwuliza mfalme, katika ugomvi huo ungempa nani haki? Mfalme akasema mchungaji, kwani mtindi umetokana na maziwa yale yale.

Kwa Mabudha, hivyo ndivyo mtu alivyo. Budha alifundisha kwamba ukimchambua binadamu utapata mafungu matano: mwili, hisia, utambuzi, misukumo ya nia na fahamu. Yote hubadilika kila saa. Ukitafuta ndani yake kitu kimoja kisichobadilika, cha kuitwa "mimi", hukipati. Hata hivyo matendo yako hayapotei. Mtindi si maziwa, lakini hauwezi kuyakana maziwa. Taabu yetu, wasema Mabudha, ni kung'ang'ania "mimi" na "changu" kana kwamba ni vya milele.

Huenda msomaji akauliza, Budha na Korbesa wapi na wapi? Huku wakazi wengi ni Waislamu, wala huoni hekalu la Kibudha. Ni kweli. Lakini watu wa Waso wamelazimika kuuliza swali hilo kwa njia ya uchungu. Wakati wa vita vya Shifta, kati ya 1963 na 1967, wengi walikusanywa kambini, Merti ikiwa mojawapo, na mifugo yao ikaangamia kwa wingi. Kipindi hicho wazee hukiita gaafa daaba, wakati wa kusimamishwa. Tena kati ya 2020 na 2023 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika kaskazini ya Kenya, na mizoga ikatapakaa malishoni. Mtu aliyeitwa tajiri wa ng'ombe akabaki na fimbo mkononi. Je, huyo ni nani sasa? Ni yule yule au ni mwingine?

Mkristo naye ana jibu lake, na si lile la Budha. Kwake yeye nafsi si jina tu linalobandikwa juu ya mafungu. Biblia yasema Mungu alimfanya mtu kwa mavumbi ya ardhi, akampulizia pumzi ya uhai, na humwita kwa jina lake. Mwafrika mwenzetu Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi iitwayo sasa Algeria, aliandika katika kitabu chake cha Maungamo jinsi alivyokuwa fumbo kwake mwenyewe. Lakini hakuhitimisha kwamba hayupo. Alihitimisha kwamba Mungu anamjua kuliko anavyojijua. Yesu naye alifundisha kuwa anayeipoteza nafsi yake kwa ajili yake ataipata. Hapo ndipo njia zinapoachana: Mbudha huuachilia umimi kwa kuwa ameona haukuwa na kiini, Mkristo huutoa akitumaini kurudishiwa na kufufuliwa.

Mjadala huu uko hata hapa Afrika Mashariki. Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyelelewa katika Ukatoliki, alikutana na watawa wa Kibudha akiwa mwanafunzi nchini India. Alipewa utawa mwaka 2002 huko California, na mwaka 2005 akaanzisha kituo cha Kibudha nchini mwake, upande wa Entebbe.

Pamoja na tofauti hizo, dini zote mbili hukubaliana katika jambo moja: ng'ombe wako si wewe. Wala gari lako, cheo chako au nyumba yako ya Nairobi. Mwenye kujipima kwa vitu hivyo, vikiondoka huondoka navyo.

Waborana nao hawakungoja vitabu. Wana desturi iitwayo busa gonofa, ambayo ndugu wa ukoo humchangia mifugo aliyepoteza yake ili aanze upya. Hawamwulizi kama bado ni yule yule. Wao ndio humfanya aendelee kuwa yeye, kwa kumhesabu kuwa wao. Jibu hili la tatu halisemi nafsi haipo, wala haliishii ndani ya kifua cha mtu mmoja. Lasema mtu hushikwa na watu.

Basi, mzazi, Jumapili hii mkiwa mezani, wape watoto kisa cha mchungaji na mtindi, uwaachie wahukumu wao. Kisha waulize: siku baba akikosa kazi, au shule ikikataa kumpokea mtoto, ni nini kinachobaki cha kuitwa sisi? Na jirani yetu aliyefikwa na hayo, tumempelekea mbuzi wangapi?