Kamani za Nyuma

Wapandao gari ni wengi, lakini ni wachache waulizao kiti chao kimekalia nini. Nami nilikuwa katika wasiouliza, mpaka siku nilipomsikia dada yangu akilia.

Gari langu ni Land Cruiser ya mwaka 1992, yenye sanduku la mizigo nyuma. Alfajiri hushuka ufukweni mwa Ujiji kupokea dagaa waliovuliwa usiku kwa taa. Mchana hupakia madumu ya mawese. Jioni, kama hapana mzigo, huchukua watu kwenda Mwanga na Kigoma. Kwa kuwa faida yangu ilitoka katika mzigo, nilimwambia fundi aongeze majani mawili katika kila kamani ya nyuma. Kamani ndizo springi za mafundi wa leo: vyuma virefu vilivyopinda, vimelazwa kimoja juu ya kingine, na ekseli imefungwa katikati yake. Gari likaacha kuinama. Nikafurahi, nikadhani nimelitia nguvu.

Mwaka uliofuata dada yangu alianguka shambani, katika bonde la mto Luiche, akavunjika nyonga. Tulimlaza juu ya godoro katika sanduku lile lile la dagaa. Dada ni mwembamba, na gari lililotayarishwa kwa tani moja halikutambua kwamba limebeba mtu. Niliendesha kwa mwendo wa kobe, walakini haukusaidia sana, maana chuma kisichopinda humpa mpandaji shimo zima kama lilivyo. Dirisha lililo nyuma ya kichwa changu halina kioo, nikasikia yote.

Alipona, akatembea kwa fimbo. Lakini hakupanda tena gari langu. Wala hakunilaumu hata kwa neno moja; alisema tu kwamba kutembea kunamnyosha miguu.

Mwanawe ni kijana apendaye mbio. Alikuwa akitazama katika simu yake magari ya mizigo ya Marekani, ambayo vijana wa huko huyatumia mjini siku za kazi na kuyashindanisha siku za mapumziko, katika njia iliyonyooka ya robo maili, yaani meta 402. Mchezo huo una miaka mingi. Chama chake kikubwa, NHRA, kiliundwa mwaka 1951. Jioni moja akanijia.

"Shikamoo, Mjomba. Mimi naona tuyang'oe majani yote, tutie springi za koili na mikono minne ya kushika ekseli. Gari litakuwa laini, tena litaondoka kama risasi."

Kuondoka kama risasi kwenda wapi, ikiwa njia yetu huishia ziwani? Nilicheka. Lakini alilitaja neno laini kabla ya risasi, na usiku sikulala vizuri.

Tukaenda kwa fundi. Mzee huyu hana haraka ya kujibu, na kwa sababu hiyo namwamini. Alisema, "Mwalimu, koili hujua kubeba tu. Haijui ekseli ikae wapi." Ndipo ile mikono minne inapohitajika, nayo lazima iunganishwe na chesisi kwa moto, na kiungo kimoja kikiachia, ekseli hupotea njia. Jani, kinyume chake, hubeba, hushika ekseli mahali pake, na huizuia isijisokote. Kazi tatu kwa chuma kimoja, na hapana hata moja ifanyikayo kikamilifu.

Nilimwuliza kwa nini majani mawili tu yalileta ugumu mkubwa namna ile. Akachora chini kwa kijiti. Majani yakiwa sawa, kila jani huongeza sehemu yake. Lakini unene ni habari nyingine: jani likinenepa mara mbili, ugumu wake huwa mara nane. Yale niliyotiwa yalikuwa mabaki ya lori. Mimi nilihesabu mawili, kumbe sikupima unene. Nimefundisha hesabu miaka thelathini.

Wapagazi wa misafara iliyotoka Ujiji kwenda Tabora na pwani walilijua jambo hili kwa mabega yao. Mti wa mzegazega usiopinda huchubua. Unaopinda kupita kiasi huyumbisha mzigo na mchukuzi pamoja. Wazungu wanampa sifa Obadiah Elliott wa London, aliyepata hataza ya kamani za magari ya farasi mwaka 1804, na sifa hiyo simnyimi.

Jambo moja la kijana lilinishinda kulipinga. Gari lenye mzigo likiondoka mchangani, magurudumu huzunguka upande mmoja na mwili wa ekseli hutaka kuzunguka upande wa pili. Majani hujikunja, kisha hujikunjua kwa ghafula, na gurudumu hurukaruka badala ya kushika. Nililiona hilo ufukweni mara nyingi nikalaumu mchanga. Wale wa mbio huweka pau ya chuma kutoka kwenye ekseli kwenda mbele, yenye bushi ya mpira, ili kuzuia msokoto huo. Fundi aliitazama picha kwa muda mrefu, akasema, "Hii naiweza."

Basi tukatoa majani yale mawili. Juu ya kila kamani tukaweka jani fupi la akiba ambalo haligusi kitu gari likiwa tupu. Ncha zake hupokea uzito pale tu mzigo uliposhusha gari. Tukatia na pau. Nimepungukiwa magunia manne kwa safari, na wenye dagaa wamenung'unika.

Juma la pili nikamwomba dada apande twende Kigoma. Akaingia ndani, akarudi na kikapu cha mayai thelathini, akakiweka mapajani, akakaa karibu nami bila kusema. Tulipofika akayatoa moja moja, akayahesabu mbele yangu. Moja lilikuwa limepasuka.

"Hili," akasema, "lilikuwa na ufa tangu nyumbani."